Barua za Ellen Terry

Wajukuu zangu, mnaandikiana kuliko kizazi chochote kilichowatangulia, na mimi jambo hilo nalipenda. Kinachoniuma ni kuona ujumbe mia ukienda na kurudi bila mmoja wenu kumfaa mwenzake kwa lolote. Ukimwandikia mtu, mfanyie kazi. Hilo nimejifunza kwa mwigizaji wa Uingereza wa zama za Malkia Victoria, Ellen Terry, na sina mfano bora wa kuwapa.

Alizaliwa 1847, akapanda jukwaani 1856 akiwa na miaka 9, na kuanzia 1878 alikuwa nyota wa ukumbi wa Lyceum, London, akiigiza na Henry Irving. Siku hizo posta ya London ilisambaza barua mara kadhaa kwa siku. Ukiandika asubuhi, jibu ungeweza kulipata jioni. Msidhani basi kwamba wao walijaliwa subira ninyi mkanyimwa.

Mwaka 1892 Ellen alimwandikia mhariri wa gazeti la The World. London nzima ilimjua, na hakuwa akijiombea sifa. Alikuwa akimsemea binti mmoja mwanamuziki, rafiki yake asiyejulikana, ili mtu mwenye ujuzi akamsikilize na kusema kama anafaa. Mhariri akamkabidhi barua mhakiki wake wa muziki, George Bernard Shaw, kijana wa miaka 35 ambaye hakuna mchezo wake hata mmoja uliokuwa umeonyeshwa. Shaw akaenda, akasikiliza, akajibu kweli tupu: kipaji cha yule binti hakikutosha. Angeweza kuandika mistari miwili ya kumfurahisha mwigizaji mashuhuri, mambo yakaishia hapo. Alichagua kumheshimu kwa ukweli, na kutokana na barua hiyo wakaja kuandikiana kwa miaka mingi. Urafiki wao ulianza kwa mkubwa kumsemea mdogo. Ninyi wenye wajomba maofisini, mara ya mwisho kumwandikia mtu kwa ajili ya mwingine ilikuwa lini?

Mwaka 1896 Ellen alikuwa akijiandaa kuigiza Imogen katika Cymbeline ya Shakespeare. Kuna mahali Imogen anazinduka usingizini na kukuta kando yake maiti isiyo na kichwa, imevaa nguo za mumewe. Shaw alikaa na maandishi ya mchezo, akaupitia mstari kwa mstari, akamwandikia mshtuko uingie wapi, nini kikatwe, nini kibaki. Mchezo wenyewe aliuona hovyo, na siku chache baada ya onyesho la kwanza aliuponda gazetini! Lakini alijua rafiki yake atasimama mbele ya watu, na hilo lilimtosha kufanya kazi. Mwenzako akikwambia kesho ana usaili, usiishie kumtumia kopa na “kila la heri”. Muulize tangazo linasema nini. Soma barua yake ya maombi, mwonyeshe sentensi iliyolegea. Ellen naye hakumeza kila alichoambiwa. Alikuwa na miaka 40 ya jukwaa. Alibishana, akachukua kilichomfaa.

Habari ya Irving ndiyo inayonigusa zaidi. Tangu 1895 Shaw alikuwa mhakiki wa michezo katika Saturday Review, akimshambulia Irving mara kwa mara, na kwenye barua alimsukuma Ellen aachane na Lyceum. Ellen aliyajua mapungufu ya Irving na hakuyaficha. Hata hivyo hakumtupa mwenzake wa kazi kwa sababu rafiki mwenye kalamu kali ametaka hivyo, wala hakumfukuza rafiki kwa sababu amemsema mwenzake. Alibaki Lyceum hadi 1902. Kusimama kati ya watu wawili wasiopatana, kila mmoja ukamtendea haki yake, ni kazi ngumu sana, wanangu, nami naiheshimu.

Mabinti zangu, na hili lisiwapite. Barua zile zilijaa maneno ya mahaba, na wote wawili walikuwa London, lakini hawakuketi pamoja hadi 1900. Ellen alimchungulia Shaw kupitia tundu la pazia la jukwaa, akamwona ameketi ukumbini, akarudi zake kazini. Mtu akikuandikia maneno matamu hujawa na deni la miadi. Ajapo kukuharakisha, mwache aharakishe peke yake.

Mwaka 1899 Shaw alimwandikia mchezo mzima, Captain Brassbound's Conversion, akiwa amemkusudia yeye tu. Ellen akamjibu waziwazi kwamba haumfai. Hakuzungushazunguka, hakukaa kimya wiki nzima akijifanya hajaona. Shaw akabishana, lakini hawakununiana. Mwaka 1906, mwaka wa 50 tangu apande jukwaani, Ellen aliuigiza mchezo huohuo katika ukumbi wa Court, London.