Kichwa ni cha nani?

Tumezoea kuandika juu ya mahari, majina ya watoto na jando. Safari hii tunataka kusema juu ya nywele za kijana mwanaume. Wengine watacheka na kuuliza kama mambo makubwa yamekwisha. Lakini sisi tumeona familia moja hapa Lweba ikigawanyika mara mbili kwenye matanga, na kilichowagawanya hakikuwa shamba wala mali ya marehemu. Ilikuwa nywele. Ndiyo maana tunauliza: kichwa cha kijana ni cha nani?

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe. Vijana wetu wanakiita degrade, neno la Kifaransa. Kinyozi anaanzia chini, karibu na shingo na masikio, anaondoa nywele mpaka ngozi inaonekana. Kisha anapanda polepole, anabadilisha vitana vya mashine, namba ndogo kwanza, halafu kubwa, ili nywele ziongezeke kidogo kidogo mpaka juu. Ufundi ni kwamba usione mahali ambapo fupi inaishia na ndefu inaanzia. Mashine inatumia moto wa sola ao wa jenereta, na moto ukikatika katikati ya kazi, kijana anakaa na kichwa cha nusu mpaka urudi. Siku ya Jumamosi wanapanga mustari. Kwa kijana ambaye hana nyumba, hana shamba la jina lake, na hana kazi ya mushahara, kichwa chake ni moja ya vitu vichache anavyoweza kuamua mwenyewe. Tusisahau jambo hilo tunapomuhukumu.

Wazee wanasema nini? Wanasema mambo mawili: ni uhuni, na ni kuiga wageni.

Juu ya uhuni, historia inatusaidia. Kukata pembeni fupi sana na kuacha juu ndefu kidogo kulijulikana sana katika jeshi la Marekani miaka ya 1940 na 1950. Ilikuwa alama ya nidhamu. Katika miaka ya 1980 vijana weusi wa miji kama New York na Philadelphia waliichukua, wakaipandisha juu, wakaifanya yao. Basi kichwa kile kile kilisema «natii» kwa mutu mumoja, na kikasema «niko mimi» kwa mwingine. Hata katika nchi yetu ya Fizi nywele ziliwahi kudanganya. Mwaka 1965 Che Guevara alipokuja kupigana upande huu wa ziwa, aliondoka Cuba akiwa amenyoa ndevu zake zilizojulikana dunia nzima, ili asitambuliwe njiani. Anayesoma roho ya mutu kwenye nywele anaweza kusoma vibaya. Sisi tuliopita kwenye vizuizi vya barabara ya Uvira na Baraka tunajua hatari yake: kijana anaangaliwa kichwa mbele ya kuangaliwa karatasi.

Juu ya kuiga, tukumbuke abakosti. Serikali ya Mobutu ilikataza suti na tai kwa sababu ni vya wageni, ikatuvalisha vazi ambalo kola yake ilifanana na koti la Uchina. Tulivaa mpaka mwaka 1990, alipotangaza mwenyewe kwamba tai zinaruhusiwa tena. Swali la maana si kitu kilitoka wapi. Swali ni nani alichagua, na alichagua kwa ajili ya nini.

Sasa turudi kwenye matanga. Mzee mumoja alikufa, na katika familia nyingi za kando ya ziwa hili, ndugu wa karibu wananyoa vichwa ili kuonyesha huzuni na kufunga kilio. Kati ya watoto wa ndugu yake kulikuwa vijana wawili, wote wamenyoa degrade siku chache mbele ya kifo. Walipoitwa kunyolewa, wa kwanza akasema: «Baba mukubwa alinipenda na nywele zangu hivi hivi. Halafu kanisani tulifundishwa, Kumbukumbu la Torati 14:1, tusinyoe kwa ajili ya mufu.» Mzee mumoja wa kanisa akamujibu kwamba Ayubu naye alinyoa kichwa alipofiwa na watoto wake, soma Ayubu 1:20, na Mungu hakumuhesabia kosa. Mabishano yakapanda. Kaka mukubwa akasimama, akasema: «Mumushike, tunyoe! Hizo nywele za kihuni ni takataka tu!»

Hapo shangazi yao, dada wa marehemu, akanyoosha mukono. Akasema: «Mwache. Weye unaziita takataka, basi unataka kumupa ndugu yangu takataka? Takataka hatuombi, tunafagia.» Kisha akamugeukia kijana: «Mwanangu, najua unazipenda. Nimekuona Jumamosi ukijitazama kwenye kioo. Ndiyo maana ninakuomba. Kama hutaki, kaa na huzuni yako, baba yako mukubwa ataielewa.»

Tulinyamaza wote. Kijana akafikiri kwa muda, halafu akaketi chini, akauliza: «Shangazi, utaninyoa weye mwenyewe?» Yule mama akaleta maji na wembe.

Tangu siku ile tumerudia maneno yake mara nyingi, na tunaona kwamba alifika mbali kuliko wengi wetu tuliosoma. Kunyoa kwa matanga ni kutoa kitu. Na mutu hawezi kutoa kitu ambacho hakina bei kwake. Mzee mwenye upara hatoi chochote akinyolewa; kijana mwenye degrade anatoa sana. Kwa hiyo wazee wanaodharau nywele za vijana wanaipunguza desturi wanayotaka kuilinda. Kama degrade ni upuuzi, basi kuiacha kwa ajili ya marehemu ni upuuzi pia. Lakini tukikubali kwamba ni kitu cha maana kwa kijana, hapo tu ndipo kuinyoa kunakuwa heshima.

Na inafuata jambo la pili: haiwezi kuwa kwa nguvu. Wembe ni ule ule, lakini maana inageuka. Mwislamu anayemaliza hija Maka ananyoa ao anapunguza nywele zake, na anarudi kwake na furaha. Ufaransa, mwaka 1944, wanawake walioshitakiwa kwamba waliwapenda askari wa Ujerumani walishikwa na kunyolewa mbele ya watu, na picha zao zingali zinatia haya, zaidi kwa wale walioshika mikasi. Mutu akinyoa mwenyewe ametoa. Akinyolewa kwa nguvu ameibiwa. Kama kaka mukubwa angefaulu siku ile, tungekuwa na kichwa kilichonyolewa, lakini hatungekuwa na mutu anayelia.

Tusifiche mwisho wa habari. Kijana wa pili hakunyoa. Aliondoka asubuhi kwenda Baraka na nywele zake, na hasira yetu ikamufuata. Wengine mpaka leo hawamusalimii vizuri. Na sisi tuliumia, tusiseme uongo. Lakini tunaona ilikuwa haki kumuacha aende, sababu kama hakuna ruhusa ya kukataa, hata yule aliyeketi mbele ya shangazi hakutoa kitu. Nywele za wa kwanza zimekwisha kuota, amerudi kwa kinyozi, na degrade yake ni nzuri kuliko ya zamani.

Waswahili wanasema: kinyozi hajinyoi. Kichwa ni cha kijana, hilo tunalikubali. Lakini hawezi kukifikia mwenyewe kisogoni. Kila mara lazima ainame mbele ya mukono wa mutu mwingine, wa kinyozi siku ya Jumamosi, ao wa shangazi siku ya kilio. Vijana, muchague nywele munazotaka, na mujue munazichagua kwa nini. Wazee, muombe, musifagie. Na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji: msemo huo tunausikia zaidi kwenye matanga, sababu zamu ya kila nyumba itafika.