Habari ya Kifo na Simu Zetu: Nani Aseme Kwanza?



Siku hizi, karibu katika kila kilio, watu wakikaa chini ya bashi, swali moja linarudi: "Nani alitangulia kutuma?" Hatuulizani tena nani alikuja kutuambia. Tunaulizana picha ya marehemu ilitokea katika grupu gani. Na jibu mara nyingi linaleta ugomvi, juu mtoto wa marehemu aliye mbali, tuseme Kolwezi ao Kisangani, aliona picha ya baba yake na mshumaa kando mbele mtu yeyote wa jamaa hajamwita. Hatutaki kuhukumu simu. Tunataka kuuliza jambo moja tu: habari ya kifo ni mali ya nani?

Wazee wetu hawakutupa habari hiyo kama jiwe. Katika jamaa nyingi, kule Kivu na huku Katanga, ilienda kwanza kwa mkubwa wa jamaa. Yeye alichagua mjumbe, mtu mzima anayejua kusema. Mjumbe alifika, akapewa kiti na maji, akasalimia, akauliza habari za nyumba. Hakusema "amekufa". Alisema: "Baba haiko muzuri, ukuye leo." Aliyeambiwa alielewa nusu akiwa njiani, nusu ingine aliipata alipofika, kati ya watu tayari kumshika.

Vijana wetu wanasema huo ni uongo. Wana haki ya kuuliza, lakini sisi tunaona tofauti. Mwongo anataka mtu asijue. Mjumbe alitaka mtu ajue, ila asijue akiwa peke yake barabarani ao kazini. Ni ukweli uliotolewa pole pole, kama vile mtu mwenye njaa ya siku nyingi hapewi sahani nzima mara moja.

Vyombo vilivyokuja kwanza havikuvunja utaratibu huo. Kwenye foni, kulikuwa mtu anayeshika chombo na wengine wanaongoja zamu. Kila mtu alisikia, kwa hiyo watu walisema kwa mafumbo. Kwenye radio, komunike ya kifo iliandikwa kwanza kwenye karatasi, na jamaa ilijua nani ameipeleka. Kisha simu za mkononi zikaingia mifukoni. Vodacom, kwa mfano, ilianza kazi hapa Kongo mwaka wa 2002. Hata hapo bado mtu alipaswa kumpigia mwenzake na kusikia sauti yake ikikatika. Na WhatsApp, hata sauti haihitajiki tena. Kila mwenye mega ni mtangazaji, na anaweza kuumiza watu mia mbili bila kuona uso wa hata mmoja.

Lakini tuwe wa haki. Simu imetusaidia sana. Zamani wazazi wengi walizikwa bila watoto wao kujua. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, watu zaidi ya 2.200 walikufa, na jamaa zilikatazwa kuosha wala kugusa maiti. Mwezi wa kwanza 2025 M23 iliingia Goma, mwezi wa pili Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Watu wengi walilia wazazi wao kwa simu, juu hakukuwa njia ya kufika. Na toka 2012, M-Pesa ilipofika kwetu, mchango wa sanduku unaweza kufika siku ileile. Nani atamwambia mtu wa namna hiyo kwamba hakuja kwenye kilio? Alikuja kwa njia aliyokuwa nayo.

Asiyeweza kuja ni mmoja, na asiyetaka kuja ni mwingine. Jirani wa avenyu moja anayetuma kipicha cha machozi na faranga 5.000, kisha anabaki kwake kutazama mpira, hajalipa deni lake. Feza inanunua maharagi na makala. Haikai usiku karibu na mama anayerudilia hadithi ileile mara ya kumi.

Sasa, tufanye nini? Wengine wanasema: turudishe yote kwa mkubwa wa jamaa, aseme yeye peke yake. Hatukubali kabisa. Tunajua kuna wakubwa waliotumia desturi hiyo vibaya: walificha habari ili wafike kwanza nyumbani kwa mjane, wachukue vitu na makaratasi ya parsele. Kwa hiyo habari ya kifo si mali ya mkubwa, na si mali ya mwenye simu nzuri. Ni mali ya yule itakayemuumiza zaidi: mjane, watoto, wazazi wa marehemu. Mkubwa na mjumbe walikuwa watumishi wake. Hiyo ndiyo maana ya desturi, na hiyo inaweza kuishi hata ndani ya simu.

Namna yenyewe si ngumu. Toka 2018 WhatsApp inaruhusu grupu kupangwa hivi kwamba wasimamizi peke yao ndio wanaandika. Jamaa ichague wasimamizi wawili ao watatu kama ilivyochagua mjumbe, na mmoja wao awe mwanamke, juu mara nyingi wanawake ndio wako karibu na mgonjwa. Wapige simu kwanza, kwa sauti, kwa mke, watoto na wazazi. Kama mtoto yuko mbali, watafute rafiki ao jirani wa kule, aende akae naye mbele simu haijalia. Picha ingoje mpaka hao wote wamejua. Na sisi wengine, tukipata habari ya mtu asiye wa nyumba yetu, tusitume mbele. Tuvae viatu, twende.

Mambo haya yapangwe wakati wote wazima, katika mkutano wa jamaa, kama tunavyopanga michango. Siku ya kifo yenyewe hakuna anayefikiri vizuri, na kidole kinatangulia moyo.