Mlango Namba 25

Mtu akijitolea kuwapitisha njia watu asiowajua, ana haki gani ya kuwafungia baadhi ya milango?

Nazungumzia Tor, mtandao wa kompyuta za watu wanaojitolea huku na huko duniani. Ujumbe wako hupitishwa vituo vitatu, na cha mwisho ndicho kinachoutoa nje. Mwenye kituo hicho hakujui, lakini ukifanya utapeli, anwani inayoonekana ni ya kwake, na lawama ni zake. Basi programu inakuja na amri zake tayari: mlango namba 443, wa kurasa za kawaida, ruksa, namba 25, ambao sava hupelekeana barua pepe, umefungwa, kwa sababu ya wale jamaa wanaomwaga barua taka kwa maelfu. Mwenye kituo anaweza kubadili, ila ni wangapi hubadili kitu walichokikuta?

Wapo wanaosema huo ni uonevu, eti mwema anaadhibiwa pamoja na tapeli. Mimi sikubali. Huku kwetu Kigombe, miaka ya 1990, wavuvi walikubaliana chini ya mradi wa pwani ya Tanga kufunga baadhi ya miamba, maana baruti ilikuwa inamaliza samaki. Mwamba ukifungwa, umefungwa kwa mwenye juya na kwa mzee mwenye mshipi wake mmoja. Inauma, lakini huhitaji kumpekua mtu kapu wala kumuuliza katoka wapi. Oktoba 2023 TCRA ilitaka wanaotumia VPN wajiandikishe. Hapo mlango uko wazi, ila sharti useme wewe nani. Kati ya hayo mawili, bora nikute mwamba umefungwa.

Kinachoninyima raha ni kingine. Wavuvi walikaa kikao, wakabishana, wakajuana. Mtu wa Tanga mjini anayetumia Tor leo, kikao chake kiko wapi? Kwa bahati, waliotunga amri zile si viziwi. Milango 465 na 587, ya kutumia barua kwa nywila, waliifunga mwaka 2005 kwa kuwa sava nyingi zilikuwa zimetegeshwa ovyo na watuma taka wakajipenyeza humo. Baadaye sava zikarekebishwa, milango ikafunguliwa tena. Namba 25 bado imefungwa.