Jirani Asiyetuachia Kisingizio

Mwanafunzi anayetaka kujua sera za serikali huwafanyia watu nini hutamani kulinganisha Kenya na nchi ya mbali, Japani labda. Ningemshauri aanze kwa kupanda matatu ya Embu kwenda Meru. Umbali humpa kila tofauti sababu iliyo tayari: hali ya hewa, dini, historia, utajiri. Mtafiti hurudi akisema wale ni wale na sisi ni sisi, na kazi yake yote haimgusi mtu.

Kwa jirani hatapata nafasi hiyo. Meru na Embu zote zimeegemea ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na lugha zao ni za ukoo mmoja. Wakoloni walipoanza kuwaruhusu Waafrika kulima kahawa miaka ya 1930, wilaya hizo mbili zilikuwa miongoni mwa za kwanza. Baadaye zilikaa pamoja katika Mkoa wa Mashariki, makao makuu yakiwa Embu mjini. Ondoa yote wanayoshiriki, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maamuzi ya watu. Mtu anaweza kuuliza vivyo hivyo kuhusu nchi za Skandinavia: Machi 2020, korona ilipozuka, Denmaki na Norwei zilifunga shule, Uswidi ikaziacha za watoto wadogo wazi. Baridi ni ile ile. Kuna watu waliokaa wakaamua, na aliyeamua anaweza kuulizwa.

Kwetu mfano ulio hai zaidi ni mmea mmoja ambao wataalamu wanauita Catha edulis, uwe umeota Igembe kule Meru au Mbeere kule Embu. Pale Maua, Igembe, mfungaji wa miraa, kama mmea huo unavyoitwa huko, huketi na rundo la vijiti mbele yake. Huvipanga kwa urefu, huvikaza kwa kamba, kisha huvizungushia jani la mgomba ili visinyauke njiani. Madaraja yana majina na bei zake: giza, kangeta, alele. Mti mkongwe, mbaine, una heshima yake, na fungu maalumu hupelekwa kwenye posa. Nenda Kiritiri au Siakago, kule Mbeere, uone mmea huo huo umepunguzwa ukawa kichaka, na mchumaji akichuma vichipukizi laini tu vyenye majani. Vinatiwa mfukoni na kuuzwa kwa bei ambayo hata kijana asiye na kazi anaimudu. Huo ndio muguka.

Tofauti hiyo ya mikono ya wachumaji na wafungaji imebebeshwa uzito mkubwa. Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipoifungia mlango kuanzia 2020 hadi 2022, kilio cha Meru kilisikika kama suala la biashara ya nje na heshima ya taifa. Muguka unatafunwa zaidi humu humu nchini. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, aliupiga marufuku kwa sababu ya afya ya vijana, na Kilifi ikafuata, lakini miraa haikuguswa. Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri hizo.

Mzazi wa Mombasa aliyemwona mwanawe akiacha shule ana haki ya kusikilizwa sawa na mkulima wa Mbeere anayelipa karo kwa majani yale. Simpuuzi hata mmoja wao. Ila mwanafunzi aliyefika Maua na Kiritiri anaweza kuuliza swali ambalo aliyefika sehemu moja tu halimjii: tulikuwa tunauhukumu mmea, bei yake, au umaskini wa anayeutafuna? Naamini bei na umaskini vilihesabiwa zaidi. Kilichofanywa na watu, yaani namna ya kuchuma, kufunga na kuuza, kilichukuliwa kama tabia ya mmea wenyewe, na amri ikaandikwa juu ya kosa hilo.

Hata hivyo kulinganisha kuna mtego wake, nao unanisumbua. Kati ya kaunti za Meru na Embu ipo Tharaka-Nithi, iliyomegwa kutoka Meru mwaka 1992, na Embu inakomea mto Thuci. Sensa ya 2019 iliipa Meru watu 1,545,714 na Embu 608,599. Ukiziweka takwimu hizo katika safu mbili, umekwisha kukubali kwamba mpaka ni kitu cha asili, ilhali nao ni sera. Mkulima wa chai wa Manyatta, Embu, anafanana kwa mengi zaidi na wa Imenti, Meru, kuliko na mwenzake wa kaunti moja kule Mbeere kwenye ukame. Anayeanza na majina ya kaunti atapata majibu ya kaunti, na swali la jirani ni nani litampita.

Vyuo vikuu kadhaa viko ukanda huu, vikiwemo Embu, Chuka, na kile cha sayansi na teknolojia pale Nchiru, Meru. Wanafunzi huomba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, hufika shambani na dodoso, mkulima huacha kazi yake akajibu, na matokeo huishia maktabani. Hilo naliona kama deni. Tasnifu inayolinganisha wakulima wa pande mbili isomwe Kiritiri kabla haijatiwa jalada, isomwe Maua pia, kila upande usikie mwenzake aliamua nini na kilimgharimu nini, na wote wawe na ruhusa ya kumwambia mwandishi kwamba amekosea.