Ramadhani, Siku ya 12: Sinia Lililorudi Limejaa



Juzi baada ya tarawehe kijana mmoja kanifuata. "Shekhe, futari ya yule mzee inafaa kuliwa? Watu wanasema ni Freemason." Mzee mwenyewe kauza parachichi, kajenga, kanunua gari. Basi. Sinia lake la ndizi na tende lilirudi limejaa, na aliyelibeba kulirudisha ni yeye.

Wakubwa mnakumbuka 2012. Steven Kanumba alipofariki Aprili ile, mitaani wakasema katolewa kafara, eti kwa kuwa alicheza filamu ya Devil Kingdom. Igizo likageuzwa ushahidi. Nami niliisimulia habari hiyo, Allah anisamehe.

Sisemi filamu za vikundi vya siri msiziangalie, hata mimi nimeziangalia. Lakini tazameni zinavyotuzoesha kufikiri. Mle ndani mtu akikaa kimya, kimya chake ni ushahidi. Akikana, ndiyo kabisa! Hana pa kutokea, maana mtunzi alishaamua tangu mwanzo. Sasa jirani yako katungwa na nani? Katika sheria yetu mwenye kudai ndiye aletaye ushahidi, na Al-Hujurat aya ya 12 imetukataza dhana na kuchunguzana. Mtu anafunga kutwa nzima, halafu magharibi anaiacha halali kwa sababu ya filamu.

Leo sinia litakuja tena, in shaa Allah. Mimi nitakaa mkekani karibu nalo.