Adabu na Ukimya: Mwanamke Kijana katika Kazi ya Amani

Kila jamii ina kanuni zake za kusema na kanuni zake za kunyamaza. Katika jamii zetu, kanuni hizo zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya umri na jinsia. Mdogo humwamkia mkubwa, humpisha njiani, humpokea mzigo, na wakubwa wanapozungumza yeye hutega sikio. Msichana hufundishwa zaidi ya hapo, kwani tangu jikoni hadi unyagoni husisitiziwa kwamba sauti ya chini ni pambo lake. Kanuni hizi ni sehemu ya utamaduni wetu, wala hatuna nia ya kuzibeza, maana watu wasiojua kuwaheshimu waliowatangulia hawawezi kuheshimiana wao kwa wao. Hata hivyo, utamaduni ni maisha ya watu walio hai, na walio hai hukutana na mambo ambayo waliotangulia hawakuyatarajia.

Swali tunalotaka kulichunguza katika makala haya ni hili: mwanamke kijana anaposimama mbele ya wakubwa zake na kuwataka waache vita, au waondoe desturi inayowaumiza watu, je, huwa amevunja adabu au ametimiza wajibu? Swali hili si la kubuni. Katika miaka ya karibuni wanawake wenye umri mdogo wameonekana wakiongoza juhudi za amani na mabadiliko katika nchi nyingi za dunia. Wengi wetu tumewashangilia kwa mbali. Lakini kumshangilia binti wa mwenzako ni jambo rahisi. Kazi ni kumsikiliza wako.

Tuanze na hoja ya wale wanaosita, kwa sababu ina uzito wake. Wao husema kwamba amani ni kazi ya busara, na busara ni mavuno ya miaka mingi. Wahenga walinena: “Penye wazee haliharibiki neno.” Tena walionya: “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.” Ikiwa kila kijana atasimama na kuwakemea wazee, nani atakayesikilizwa siku ya ugomvi? Hoja hii tunaikubali, ila tunaomba methali zenyewe zisomwe kwa makini. Methali ya kwanza inadai kwamba wazee wawepo na wafanye kazi ya uzee, yaani kulizuia neno lisiharibike. Methali ya pili inadai kwamba mkuu awe na la kusema. Hakuna hata moja iliyotufundisha la kufanya pale ambapo nyumba inaungua na wakuu wamenyamaza, au wao wenyewe ndio walioshika viberiti.

Hali ya namna hiyo iliwafika watu wa Wajir, kaskazini mashariki ya Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991, silaha zikavuka mpaka kwa wingi, na ukame ukazidisha ugomvi wa malisho na maji. Koo za wafugaji zilizokuwa zikioana na kuuziana mifugo zikaanza kuuana. Usiku mmoja wa kipindi hicho, Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir mwaka 1964, alijificha pamoja na mwanawe wa kwanza huku risasi zikipita. Kulipokucha alimsimulia mama yake yaliyompata. Mama naye akamweleza kwamba zamani, Dekha mwenyewe alipokuwa mtoto, alimbeba akajificha naye chini ya kitanda kwa sababu ya risasi kama hizo. Vizazi viwili vilikuwa vimerithishana hofu ileile, kama watu wanavyorithishana kisima au shamba.

Dekha na wanawake wenzake wachache hawakuanza kwa kuitisha mkutano mkubwa. Walianza sokoni, mahali palipokuwa pao tangu hapo. Wakati ule uadui ulikuwa umeingia hata katika kuuziana maziwa, mwanamke wa ukoo huu akiogopa kukaribia meza ya mwanamke wa ukoo ule. Wakakubaliana kwamba soko litakuwa salama kwa kila mwanamke wa kila ukoo, wakawekana waangalizi, na palipotokea uchokozi waliushughulikia kabla haujakua. Baada ya soko kutulia, wakawavuta vijana, kisha wakawaendea wazee. Walijua kwamba mzee wa ukoo mkubwa akisimama kwanza, wa koo nyingine watashuku hila. Kwa hiyo msemaji akatafutwa katika ukoo mdogo, ambao haukuogopwa na mtu. Mwaka 1993 wazee wa koo hizo walitia saini tamko la pamoja la kusimamisha mapigano, na katika miaka iliyofuata kamati ya amani ya Wajir ikaunganishwa na kazi za maendeleo za wilaya. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Alifariki mwaka 2011, kufuatia ajali ya gari.

Tutafakari walichofanya wanawake wale. Hawakuwanyang’anya wazee kiti chao. Waliwarudishia kazi yao, kazi ambayo wazee walikuwa wameiacha iwaponyoke. Saini zilizowekwa katika tamko lile ni za wazee, lakini mkono uliowafikisha wazee kwenye karatasi ulikuwa wa wanawake, na baadhi yao walikuwa na umri wa kuwa mabinti wa wazee hao. Je, huko ni kukosa adabu? Sisi twaona kwamba hiyo ni adabu iliyo kubwa kuliko ukimya, kwani anayemkumbusha mzazi wajibu wake humheshimu kuliko anayemwacha apotee huku akimwamkia.

Tugeukie upande wa magharibi wa bara letu, ambako jambo hili lilifika mahali pagumu zaidi. Liberia ilikuwa imeteswa na vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu mwaka 1989, kwa mapumziko mafupi tu katikati. Mwaka 2003 Leymah Gbowee, mama mwenye umri wa miaka 31, alikuwa miongoni mwa viongozi wa wanawake Wakristo na Waislamu walioungana kudai amani. Walivaa nguo nyeupe, wakaketi siku baada ya siku katika uwanja ulio karibu na soko la samaki mjini Monrovia, juani na mvuani, mahali ambapo Rais Charles Taylor alipita na msafara wake. Tarehe 23 Aprili mwaka ule Rais aliwapokea na kuyasikia madai yao. Mazungumzo ya amani yalipofunguliwa nchini Ghana mwezi Juni, wanawake waliwafuata wakubwa huko huko. Wiki zikapita, wajumbe wakilala hotelini na watu wakifa Monrovia. Mwezi Julai wanawake wakaketi mlangoni mwa ukumbi, wakasema hatoki mtu mpaka neno la maana lipatikane.

Walinzi walipokuja kumkamata, Gbowee alianza kuvua nguo. Msomaji wa Kiafrika hahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya tendo hilo. Mama anayejivua nguo kwa uchungu mbele ya wanaume huwaita wamkumbuke aliyewazaa, na wanaume huikimbia laana hiyo. Ndivyo walivyofanya akina mama wa wafungwa wa kisiasa katika Bustani ya Uhuru, Nairobi, mwaka 1992, polisi walipokuja kuwatawanya. Walinzi wa Ghana nao walirudi nyuma. Mkataba ulitiwa saini tarehe 18 Agosti 2003. Hatusemi kwamba wanawake peke yao ndio waliomaliza vita vile. Kulikuwa na nguvu za majeshi, shinikizo la mataifa na uchovu wa wapiganaji wenyewe. Tunalosema ni kwamba silaha waliyoitumia ilitoka ndani ya mila, katika ghala lile lile ambalo wengine hulitumia kumwambia mwanamke anyamaze.

Tusidhani kuwa habari hizi ni ngeni kwetu Tanzania. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipokuwa bado kichanga, kazi ya kuwaingiza wanawake chamani alipewa Bibi Titi Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam mwaka 1926. Hakuwa na elimu kubwa ya shule, wala cheo serikalini. Alikuwa mwimbaji wa ngoma ya Bomba. Basi aliwaendea wanawake wenzake wa vikundi vya ngoma, waliokuwa na uzoefu wa kuchangishana fedha, kukutana na kuaminiana, akawageuza wakawa jeshi la kudai uhuru. Maelfu yao walichukua kadi wakati ambapo wanaume wengi, hasa watumishi wa serikali, waliogopa. Alikuwa hajatimiza miaka 30. Je, leo tunathubutu kusema kwamba alivunja adabu? Tunaandika jina lake barabarani. Huenda sifa tunazompa aliyekwisha tangulia mbele ya haki ni rahisi kwetu kwa sababu hawezi tena kutuuliza maswali.

Maswali, hata hivyo, hayajakoma. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka umri wa kuoa kwa mvulana kuwa miaka 18, lakini ilikubali msichana wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na mahakama ikapewa uwezo wa kutoa ruhusa hata kwa aliyefikia miaka 14. Mwanasheria kijana, Rebeca Gyumi, alikwenda Mahakama Kuu kuipinga. Mwaka 2016 Mahakama iliamua kwamba vifungu vilivyohusika vilikuwa kinyume cha Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliuthibitisha uamuzi huo. Hapa ndipo hoja ya umri inapojifunga kwa kamba yake yenyewe. Binti wa miaka 15 aliyehesabiwa kuwa mkubwa wa kutosha kubeba mimba, kulea na kuendesha nyumba, akifungua mdomo barazani aliambiwa kwamba bado ni mtoto. Utamaduni unaompa mtu mzigo wa mtu mzima na kumnyima sauti ya mtu mzima haujamheshimu mzee wala mtoto. Umetafuta tu punda asiyelia.

Kutokana na mifano hii twapata mafunzo matatu.

Kwanza, haki ya kusema juu ya amani hutokana na kuubeba mzigo wa vita. “Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.” Aliyelala chini ya kitanda na mtoto wake usiku wa risasi anao ujuzi ambao mvi peke yake haziuleti. Busara ya miaka na ujuzi wa maumivu havigombani. Kila kimoja kina upungufu ambao kingine huujaza.

Pili, amani si tabia ya kuzaliwa ya mwanamke, wala ujana si utakatifu. Katika jamii nyingi za wafugaji, nyimbo za wanawake ziliwasifu mashujaa na kuwachochea vijana waende vitani. Kwa hiyo mwanamke anayechagua amani amechagua kweli, naye astahili kuhesabiwa kama mtu aliyefikiri na kuamua. Tukisema kwamba ameifanya kazi hiyo kwa sababu ndivyo wanawake walivyo, tumemnyang’anya sifa yake kwa maneno matamu.

Tatu, na hili latuhusu sisi tulio wakubwa, kumsifu si kumshirikisha. Mwaka 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325 kuhusu wanawake na amani, na mwaka 2015 azimio namba 2250 kuhusu vijana na amani. Karatasi zipo. Mwaka 2014 Malala Yousafzai wa Pakistan alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani akiwa na umri wa miaka 17, baada ya kupigwa risasi mwaka 2012 kwa sababu ya kutetea elimu ya wasichana. Dunia ilisimama ikapiga makofi. Lakini yafaa kujiuliza: walikuwa wapi watu wazima hata ulinzi wa shule ukaachwa juu ya mabega ya mtoto? Ushujaa wa mmoja haupaswi kuwa mto wa wengi kulalia.

Huku kwetu nako tuna mazoea ya kumwita msichana kwenye mkutano ili amvishe mgeni shada la maua, kisha tunamrudisha nyuma kabla ajenda haijasomwa. Kijijini tunawaona wanawake wameketi mkekani pembeni ya baraza, wakisikiliza mambo ya kisima ambacho wao ndio wanaokiendea alfajiri. Hakuna aliyewafukuza, wala hakuna aliyewauliza. Ugomvi wa wakulima na wafugaji unapozuka na wazee wakakaa kutafuta suluhu, ni nadra kumsikia binti akiulizwa njia ipi ya kwenda kisimani ina hatari, na kwa nini, ingawa yeye ndiye anayeijua.

Hatupendekezi kwamba vijana wawadharau wazee. Wanawake wa Wajir wametuonyesha kuwa hilo si lazima wala halina faida. Tunachopendekeza ni kuirudisha adabu kwenye maana yake kamili. Adabu ni njia ya watu wawili, nayo humdai mkubwa kama inavyomdai mdogo: mdogo aseme kwa heshima, na mkubwa asikie kwa heshima. Mzee anayeombwa ushauri na binti yake juu ya amani ya kijiji hajavunjiwa hadhi. Amepewa nafasi ya kuwa mzee kweli. Na siku ambayo binti huyo atatuambia kwamba neno limeharibika nasi tupo, tusikimbilie kumuuliza ana umri gani. Tumuulize limeharibikia wapi, kisha tumpishe kiti akae atueleze.