Talaka Haivunji Uzazi

Kiswahili kina neno mtalaka, kwa mume au mke aliyeachana na mwenzake. Hakina neno la mzazi aliyeachana na mwanawe. Ndoa huvunjika, uzazi hauvunjiki.

Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 huuliza mtoto akabidhiwe nani, baba au mama. Kifungu cha 125 kinatanguliza masilahi ya mtoto, na kinachukulia kuwa aliye chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake, isipokuwa ithibitike vinginevyo. Hilo silipingi. Ninalopinga ni kwamba mzazi mwingine hubaki na ruhusa ya kumwona mwanawe tu, kama mgeni. Na mgeni hajui daftari la shule wala homa ya usiku.

Jirani zetu wa Kenya, katika ibara ya 53 ya Katiba ya mwaka 2010, walisema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Tazama neno hilo: wajibu. Anayedai mtoto kuwa ni haki yake humgombea kama shamba. Anayeukubali wajibu hujitwika mzigo.

Sheria yetu nayo ianzie hapo. Mzazi mpigaji au mtesaji azuiwe, bila shaka. Lakini wengine waulizwe kila mmoja atabeba siku zipi, karo ipi, matibabu yapi. Mtoto si mali ya kugawana; malezi ndiyo ya kugawana.